Sarafu za zamani: Vitabu vinavyomfaa mkusanyaji wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Katika nyumba nyingi za Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki kuna mkebe, chupa au kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mna sarafu zilizoachwa na wazee. Zimo zenye tundu katikati, zenye simba, zenye vichwa vya wafalme wa Uingereza na zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Wenyewe huziita pesa za zamani, wakaziacha hapo hadi siku anapofika mtu anayetaka kuzinunua.

Siku hiyo ndipo hasara hutokea, nayo huja kwa njia mbili. Wapo wanaouza sarafu adimu kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa hawakujua walichokuwa nacho. Wapo pia wanaoambiwa kwamba sarafu ya kawaida ina thamani ya mamilioni, kisha wakatozwa ada ya usajili au ya ukaguzi kabla ya kukutanishwa na mnunuzi ambaye hatokei kamwe.

Kinga ya hasara zote mbili ni moja, nayo ni kitabu cha marejeleo. Hata hivyo, si kila kitabu kinachotaja sarafu kinamfaa mkazi wa Mlima Kenya. Vingi viliandikwa kwa ajili ya wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, na mtu anaweza kutumia maelfu ya shilingi kununua kitabu kizuri kisichotaja hata sarafu moja iliyo mkebeni mwake. Njia ya busara ni kuanza na mkebe wenyewe, kisha kutafuta kitabu kinachoujibu.

KILICHOMO MKEBENI

Kabla ya kuchagua kitabu, yafaa mkusanyaji ajue vipindi vikuu vya sarafu zilizowahi kupita eneo hili.

Kipindi cha kwanza ni cha rupia. Rupia ya India ilitumiwa pwani kabla ya utawala wa Uingereza, na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu zake zenye jina la Mombasa: paisa ya shaba na rupia ya fedha za mwaka 1888, kisha sarafu ndogo za fedha za mwaka 1890. Waingereza walipoweka ngome yao Nyeri mwaka 1902, rupia ilipanda nao hadi nyanda za juu. Kodi ya nyumba ndiyo iliyoisukuma rupia hadi vijijini, kwa kuwa aliyezoea kupima mali kwa mbuzi na mashamba alilazimika kutafuta sarafu ya kumlipa mtoza kodi. Neno pesa lenyewe lina asili katika paisa ya Wahindi.

Kipindi cha pili ni cha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa mwaka 1919. Rupia iliondolewa, ikafuatwa kwa muda mfupi na florini ya mwaka 1920, halafu ikaja shilingi ambayo sarafu zake za kwanza zina mwaka 1921. Hizi ndizo sarafu ambazo wazee wengi wanazikumbuka: shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima, sumuni yake, na senti zenye tundu zilizoweza kutungwa kwenye uzi, ikiwemo ndururu ya senti tano.

Kipindi cha tatu ni cha Kenya huru. Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa fedha za nchi mwaka 1966, zikiwa na sarafu za senti 5, senti 10, senti 25, senti 50, shilingi 1 na shilingi 2. Sura ya Rais Daniel arap Moi iliingia katika sarafu za mwaka 1980. Sarafu ya shilingi 5 yenye pande saba ilikuja mwaka 1985, ile ya shilingi 10 ya metali mbili mwaka 1994, na ya shilingi 20 mwaka 1998.

Mwaka 2003, Kenya ilipoadhimisha miaka 40 ya uhuru, ilitolewa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya katika Nyeri. Mfululizo wa mwaka 2005 ulirudisha sura ya Mzee Kenyatta. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, ilipiga marufuku sura ya mtu yeyote katika fedha za nchi, na tarehe 11 Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu zenye twiga, kifaru, simba na ndovu.

Jambo moja halikubadilika tangu mwaka 1966. Sarafu za Kenya hubeba nembo ya taifa, na simba wawili wa nembo hiyo wamesimama juu ya Mlima Kenya. Kwa hiyo mkusanyaji wa Nyeri anapogeuza sarafu yoyote ya nchi yake, mlima anaouona kila asubuhi umo humo.

Mbali na vipindi hivyo, isimshangaze mtu kukuta sarafu za nchi za mbali. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia na Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na karibu na Nanyuki kulikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita wa Italia. Kutoka kusini, Wajerumani walikuwa na sarafu zao za Afrika Mashariki, ambazo heller yao ndiyo iliyozaa neno hela. Mkebe mmoja waweza kuwa na mataifa manne au matano.

KATALOGI YA DUNIA: KITABU CHA KWANZA

Kwa sababu hiyo, kitabu cha kwanza kinachomfaa mkusanyaji wa eneo hili ni katalogi ya sarafu za dunia nzima. Iliyoenea zaidi ni Standard Catalog of World Coins, iliyoanzishwa na Chester Krause na Clifford Mishler nchini Marekani na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Kutokana na majina yao, kila aina ya sarafu hupewa nambari inayotanguliwa na herufi KM. Nambari hizo zimekuwa kama lugha ya pamoja ya wauzaji na wanunuzi ulimwenguni.

Katalogi hiyo ilikua hadi ikagawanywa katika majuzuu kwa karne. Juzuu la 1901 hadi 2000, lenye kurasa zaidi ya 2,000, ndilo linalomfaa zaidi mkazi wa Mlima Kenya, kwa kuwa lina senti za wakati wa rupia zilizoanza kutolewa mwaka 1906, sarafu zote za Bodi ya Sarafu, na sarafu za Kenya hadi shilingi 20 ya mwaka 1998. Juzuu la 1801 hadi 1900 lina sarafu za Mombasa, rupia za Malkia Victoria na paisa za miaka ya 1897 hadi 1899. Juzuu la mwaka 2001 na kuendelea ndilo lenye shilingi 40 ya mwaka 2003.

Mtu asiyeweza kununua yote matatu aanze na la karne ya 20. Aidha, hana haja ya kutafuta toleo jipya. Kampuni iliyomiliki wachapishaji wa katalogi hiyo ilifilisika mwaka 2019, na mfululizo haukuendelea kama zamani. Toleo la miaka ya 1990 au 2000 lililotumika huuzwa kwa bei nafuu kuliko la mwisho, na maelezo yake kuhusu shilingi ya mwaka 1925 ni yale yale. Kinachozeeka ni safu ya bei. Kwa sarafu za Desemba 2018, zilizotoka mfululizo ukikaribia kikomo, ahakikishe kwanza kama zimo katika toleo analopewa, la sivyo atumie taarifa za Benki Kuu ya Kenya katika tovuti yake.

Kitabu kingine cha zamani kinachofaa ni The Guidebook and Catalogue of British Commonwealth Coins cha Jerome Remick na wenzake, ambacho toleo lake la tatu lilifikia mwaka 1971. Hiki hushughulikia sarafu za himaya ya Uingereza na nchi zilizotokana nayo, hivyo ni chembamba kuliko katalogi ya dunia na hubebeka kwa urahisi. Kwa makoloni ya Afrika pekee, H. Alexander Parsons aliandika The Colonial Coinages of British Africa, kilichochapishwa mwaka 1950.

Mkusanyaji wa noti ajue kwamba vitabu vya sarafu havimsaidii. Noti zina katalogi yake, Standard Catalog of World Paper Money, iliyoasisiwa na Mjerumani Albert Pick, na nambari zake huitwa nambari za Pick. Sarafu za Wajerumani nazo zimeelezwa kwa kina katika kitabu cha Kurt Jaeger kuhusu sarafu za Ujerumani tangu mwaka 1871, ikiwemo dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu iliyopigwa Tabora mwaka 1916.

JINSI YA KUSOMA KATALOGI

Wengi hununua katalogi wakaifungua mahali pasipofaa. Anayetafuta shilingi ya mwaka 1924 chini ya jina Kenya hataiona, kwa sababu sarafu za Bodi ya Sarafu zimewekwa chini ya Afrika Mashariki. Zile za mwaka 1888 na 1890 hutafutwa kwa jina la Mombasa. Chini ya Kenya huwa zile za mwaka 1966 na baadaye, na hapo KM 1 ni senti 5 ya mwaka huo huku KM 6 ikiwa shilingi 2.

Jambo la pili ni herufi ndogo zilizo karibu na mwaka. H ni ya kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, na KN ni ya Kings Norton katika mji huo huo. SA ni ya Pretoria, Afrika Kusini, nayo I ni ya Bombay. Herufi hizo zina historia ndani yake. Shilingi za miaka ya 1943 hadi 1945 zenye I au SA zilipigwa huko wakati vita vilipokuwa vimeibana Uingereza. Katika katalogi, mwaka mmoja wenye herufi mbili tofauti huhesabiwa kuwa sarafu mbili, na moja yaweza kuwa adimu kuliko nyenzake.

Jambo la tatu ni madini. Watu wengi huamini kwamba shilingi ya simba ni fedha tupu. Katalogi huonyesha kwamba shilingi zilizopigwa kuanzia mwaka 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha. Shilingi moja ina uzito wa takriban gramu 7.8, hivyo fedha safi iliyomo haifiki gramu 2. Kuanzia mwaka 1948 shilingi hiyo hiyo, yenye simba yule yule, haina fedha kabisa bali ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Anayeuza kwa uzito bila kujua tofauti hiyo atapunjwa, na anayenunua bila kuijua atalipia kisichokuwepo.

Jambo la nne ni kwamba mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si lazima uwe mwaka ilipopigwa. Riale ya Maria Theresa, iliyotumiwa sana pwani na katika Pembe ya Afrika, huwa na mwaka 1780 siku zote, ingawa viwanda mbalimbali viliendelea kuipiga hadi karne ya 20. Clara Semple ameieleza sarafu hiyo katika kitabu chake A Silver Legend cha mwaka 2005.

MASWALI MATATU YA KUPIMA KITABU

Mnunuzi anaposhika kitabu dukani au kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, asikiamini kwa unene wake wala kwa picha za jalada. Akipime kwa maswali matatu ambayo majibu yake yanajulikana.

Swali la kwanza: je, kinataja senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane? Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu mwezi Desemba, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa umma. Lakini senti za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu mahali ambapo kichwa kingekaa, zikabeba jina lake tu, zikaingia sokoni. Ni miongoni mwa sarafu chache duniani zilizotumika kwa jina lake. Mwaka huo pia kuna senti zenye jina la George wa Tano. Kitabu kisichotenganisha wafalme hao wawili hakifai kwa eneo hili.

Swali la pili: je, kinaeleza tofauti ya senti 50 ya mwaka 1920 na ile ya mwaka 1921? Wakati wa florini, senti 50 zilikuwa nusu ya florini, yaani shilingi moja, na sarafu iliandikwa hivyo. Shilingi ilipofanywa kipimo na kugawanywa katika senti 100, senti 50 zikawa nusu shilingi, na sarafu ikaandikwa hivyo pia. Sarafu nyingi za mwaka 1920 zilirudishwa zikayeyushwa, kwa hiyo zilizobaki ni chache. Mtu anayeziona zote mbili kuwa sumuni tu aweza kuitoa ile adimu kwa bei ya ile ya kawaida.

Swali la tatu: je, kinatenganisha sarafu za Kenya za mwaka 1966 hadi 1968 na zile za mwaka 1969 na kuendelea? Za kwanza zina kichwa cha Mzee Kenyatta pasipo maneno kukizunguka. Za pili zina maandishi ya Kiingereza yanayomtaja kuwa rais wa kwanza wa Kenya. Katalogi nzuri huzipa nambari tofauti, KM 1 hadi 6 kwa za kwanza na KM 10 hadi 15 kwa za pili. Itataja pia kwamba senti 25 na shilingi 2 zilikoma kupigwa mapema, na kwamba mwaka 1973 kulitolewa shilingi 5 ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru.

Kitabu kinachojibu maswali yote matatu kinastahili fedha za mnunuzi. Kinachojibu mawili chaweza kuazimwa. Kisichojibu hata moja kiachwe, hata kama ni cha bei nafuu.

BEI YA KITABU SI BEI YA SOKO

Safu ya bei ndiyo inayowapotosha wengi. Katalogi huonyesha makadirio ya dola za Marekani kulingana na hali ya sarafu, nayo hukadiria kile ambacho mkusanyaji angelipa kwa muuzaji. Muuzaji anaponunua hutoa pungufu, kwani naye anatafuta faida. Mwenye sarafu aliye Karatina, asiyekuwa na mnunuzi karibu na anayelazimika kulipia usafirishaji, atapata pungufu zaidi.

Bei hizo hufaa kwa kulinganisha. Kitabu kikionyesha kwamba sarafu moja ina bei mara hamsini ya mwenzake, basi ni adimu kuliko mwenzake, hata kama tarakimu zenyewe zimepitwa na wakati. Kikionyesha kwamba shilingi 40 ya mwaka 2003 ni sarafu ya dola chache, basi anayeahidi mamilioni kwayo anastahili kutiliwa shaka. Dalili ya ulaghai ni ile ile kila mara: mnunuzi wa kweli hulipa, hamtozi mwenye sarafu ada yoyote kwanza.

VITABU VYA KUPIMA HALI YA SARAFU

Herufi za F, VF, XF na UNC zinazoonekana juu ya safu za bei huonyesha hali ya sarafu, kuanzia iliyochakaa kiasi hadi isiyowahi kutumika. Tofauti ya ngazi moja yaweza kuongeza bei maradufu. Kwa hiyo kitabu cha pili ambacho mkusanyaji anahitaji ni cha kumfundisha jicho.

Katika Marekani, William Sheldon alianzisha mwaka 1949 kipimo cha alama 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za zamani za nchi hiyo, na kikaenea hadi sarafu nyingine. Chama cha wakusanyaji wa Marekani kilitoa mwongozo wake rasmi mwaka 1977. Vitabu hivyo ni vizuri, lakini mifano yake ni ya sarafu ambazo mkazi wa Embu au Meru hatazishika. Kinachomkaribia zaidi ni mwongozo wa Derek Allen wa kupima sarafu za Uingereza za kabla ya mwaka 1971, kwa kuwa huonyesha jinsi taji, nywele na ndevu za wafalme zinavyochakaa, na wafalme hao ndio walio kwenye shilingi za Afrika Mashariki.

Kila kitabu cha aina hii hutoa onyo moja: sarafu isisafishwe. Kuisugua kwa jivu, mchanga, ndimu au dawa ya meno huiondolea ngozi yake ya asili na kuacha mikwaruzo ambayo mnunuzi mzoefu huiona mara moja. Wenye nyumba wengi huzisugua sarafu zao siku mgeni anapotarajiwa, wakidhani wanazipandisha bei.

VITABU VYA HISTORIA

Katalogi humwambia msomaji sarafu ni ipi, lakini haimwambii ilimfanya nini aliyeishika. Kwa hilo kuna vitabu na makala za wanahistoria, na mkusanyaji makini atakuwa na angalau kimoja.

Wambui Mwangi aliandika mwaka 2001, katika jarida la Comparative Studies in Society and History, makala kuhusu Bodi ya Sarafu na mgogoro wa rupia. Msomaji wa Mlima Kenya ataona humo kwamba mabadiliko ya miaka ya 1920 na 1921 hayakuwa ya sura za sarafu tu. Yaligusa madeni ya walowezi, ujira wa vibarua na akiba ya Waafrika. Ni katika mwaka huo wa 1921 ambapo waajiri wa Kizungu walikusudia kupunguza ujira wa Waafrika kwa thuluthi moja, jambo lililochochea harakati za Harry Thuku.

Money and Banking in British Colonial Africa cha W. T. Newlyn na D. C. Rowan, cha mwaka 1954, hueleza jinsi bodi za sarafu zilivyofanya kazi. Money in Africa, kilichohaririwa na Catherine Eagleton na wenzake na kutolewa na British Museum mwaka 2009, hukusanya tafiti za sehemu mbalimbali za bara. Karin Pallaver naye amehariri Monetary Transitions cha mwaka 2022, kinachochunguza jinsi fedha za kikoloni zilivyoingia katika jamii za Kiafrika.

Anayetaka kurudi nyuma zaidi, hadi masultani wa Kilwa waliopiga sarafu zao karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, atasoma makala ya John Walker ya mwaka 1936 na ya Helen Brown ya mwaka 1992 kuhusu sarafu za Shanga katika kisiwa cha Pate. Zote mbili zimo katika jarida la Numismatic Chronicle la London.

VINAPATIKANA WAPI

Maktaba za umma zilizoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa zipo Nyeri, Nanyuki, Meru, Embu na Murang'a. Isitarajiwe kwamba katalogi kubwa itakuwa rafuni, lakini mkutubi anaweza kuelekeza mahali inapopatikana. Vyuo vikuu vya Dedan Kimathi na Karatina vina maktaba zake, na mwanafunzi katika familia aweza kuwa mlango wa majarida ambayo hayauzwi madukani.

Kwa wenye intaneti, katalogi ya Numista hutumika bila malipo, huonyesha picha za pande zote mbili za sarafu na kutaja nambari za KM. Newman Numismatic Portal ya Marekani nayo huweka wazi vitabu na majarida mengi ya zamani. Simu inaweza kutosha kutambua sarafu, lakini kitabu kilichochapishwa kina faida yake: kurasa zake hazibadilishwi na mtu mwenye nia ya kuuza.

Makavazi ya Nyeri yaliyoko Ruring'u, katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni, na Makavazi ya Meru, ni mahali pa kuuliza kuhusu vitu vya kale na sheria zake. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa nchini au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kupelekwa nje bila kibali. Kwa hiyo rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 haiwezi kutiwa katika bahasha ikatumwa kwa mnunuzi wa ng'ambo. Anayefukua sarafu za kale shambani naye anapaswa kuwaarifu wahusika.

KITABU AMBACHO HAKIUZWI

Vitabu vyote vilivyotajwa vina pengo moja. Hakuna hata kimoja kinachojua kwamba rupia fulani ililipiwa kodi Tetu, wala kwamba shilingi fulani ilikuwa ujira wa kibarua wa shamba la Nanyuki, wala kwamba senti kumi zenye tundu zilitungwa uzi mmoja na nyanya wa Mukurwe-ini. Habari hizo wanazo wazee, na kila mwaka baadhi yao huondoka nazo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkusanyaji anahitaji daftari la kawaida la shule lenye safu chache: nambari ya KM, mwaka na herufi ya kiwanda, hali ya sarafu, mahali ilipopatikana, jina la aliyeitoa na maneno yake kuhusu jinsi alivyoipata. Sarafu iwekwe katika bahasha ndogo ya karatasi kavu yenye nambari inayolingana na ya daftari, wala isiandikwe juu yake.

Anayeanza leo, basi, aumwage mkebe juu ya meza, atenge sarafu kwa vipindi, aazime au anunue juzuu la karne ya 20, alipime kwa maswali matatu, kisha aandike. Kununua sarafu zaidi kutafuata baadaye. Na atakapofika mtu mlangoni akiuliza kama kuna pesa za zamani za kuuza, mwenye nyumba atakuwa na jibu, na atajua pia ni zipi ambazo haziuzwi.